Kujifunza wimbo mpya kwaya nzima: mwongozo kamili kwa kwaya za Mtwara na Lindi

Kwenye kwaya zetu nyingi wimbo mpya hufundishwa hivi: mwalimu anakaa na sauti ya kwanza nusu saa nzima, mstari kwa mstari, huku sauti ya pili wakiwa kwenye simu, ya tatu wakipiga soga nje chini ya mwembe, na besi bado hawajafika. Zamu ikizunguka kwa wote, giza limeshaingia. Baada ya wiki tatu kila sauti inajua nota zake, lakini wakisimama pamoja wimbo hausimami. Kila kundi linaimba la kwake, kwa nguvu zote, likiogopa kupotezwa na jirani.

Njia ninayoieleza hapa inaanzia kwingine. Tangu siku ya kwanza kila mwanakwaya aelewe wimbo unasema nini, na azisikie sauti tatu ambazo si zake. Nota azijifunze humo humo, akiwa anasikiliza. Nimeiandika kwa ajili ya kwaya za watu wa kawaida: za parokia, za kigango, za usharika, za shule, za vikundi vya akina mama, ambako wanaosoma nota ni wawili watatu na mwalimu mwenyewe ana kazi nyingine inayomlisha.

Chagua wimbo kwa kuangalia watu na kalenda

Kabla ya kuupenda wimbo, hesabu watu. Kama una sauti ya kwanza kumi na tano na waimbaji wa tena (sauti ya tatu) wawili, wimbo ambao tena wanagawanyika mara mbili utawaumiza bure. Angalia pia nota ya juu kabisa ya sauti ya kwanza na ya chini kabisa ya besi. Karatasi ikisema Doh, yaani nota ya kuanzia ngazi, ni G na sauti ya kwanza inapanda hadi doh ya juu, waimbaji wasio na mafunzo watapiga kelele badala ya kuimba. Shusha hadi F au hata E, ila hakikisha besi hawazami. Uamuzi huo ufanyike nyumbani kabla ya zoezi la kwanza, kwa sababu koo likishazoea mahali fulani, kulihamisha ni kazi.

Kisha kalenda. Huku kusini Noeli inagongana na korosho. Kuanzia Septemba watu wako mashambani, kuanzia Oktoba minada inaanza, na kwa Tandahimba, Newala au Nachingwea unaweza kubaki na nusu ya kwaya. Kwa hiyo nyimbo za Noeli zianze Agosti. Mwisho wa Septemba nota ziwe zimekwisha, ili Oktoba na Novemba iwe kazi ya kukumbushana kwa wachache waliopo na kutumiana sauti kwa simu. Ukiusubiri Majilio ndipo uanze, utaimba nyimbo za mwaka jana.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wanaotoka mikoa mingine hawalifahamu. Kati ya Juni na Agosti wengi wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Vumbi lile hukausha koo na kuleta kikohozi. Mtu aliyepuliza asubuhi usimpe nota za juu jioni. Mkalishe, afuate maneno kwa macho na aimbe taratibu kwa kufunga mdomo. Naye amejifunza, kwa sababu amesikia.

Nyimbo za Pasaka nazo zinafundishwa katikati ya mvua, na chini ya bati mvua ikishuka hakuna atakayemsikia mwenzake. Siku kama hiyo geuza zoezi liwe la maneno na mapigo.

Kazi ya mwalimu kabla ya kukutana

Mwalimu aimbe sauti zote nne, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kuzipiga kwenye kinanda hakutoshi, maana kinanda hakihemi na hakichoki. Ukiimba mwenyewe ndipo utagundua kwamba sauti ya pili hawana pa kuvuta pumzi kwa mistari miwili, au kwamba tena wanaruka kutoka doh hadi la kwenye neno gumu. Weka alama kwa penseli.

Angalia makosa ya uchapaji. Karatasi zinazozunguka kwetu nyingi ni nakala ya nakala, au faili lililopakuliwa mtandaoni na kuandikwa upya na mtu mwenye haraka. Nota moja ya tena ikigombana na sauti nyingine tatu, usiwalaumu tena kwanza. Tafuta nakala nyingine ulinganishe. Kwa nyimbo za Kikatoliki, mtandao wa Swahili Music Notes una hazina kubwa ya karatasi za watunzi wa Tanzania, na mara nyingi jina la mtunzi limewekwa. Mtunzi akiwa hai na anafikika, mpigie. Wengi hufurahi kuulizwa.

Jambo la mwisho la nyumbani: chagua sehemu tatu ngumu kuliko zote. Zoezi la kwanza lenye nota litaanzia hapo, watu wakiwa na nguvu, na mwanzo wa wimbo uje baadaye. Kwaya nyingi zinajua vizuri sana ukurasa wa kwanza wa kila wimbo.

Siku ya kwanza: maneno tu

Gawa karatasi, lakini asiimbe mtu. Someni maneno kwa sauti, wote pamoja, kwa mwendo wa mazungumzo. Halafu mmoja mmoja asome ubeti. Kisha ulizaneni: ni nani anayesema hapa? Anamwambia nani? Yuko katika hali gani, anashukuru, analia, anabembeleza, anatangaza? Je, katika ubeti wa tatu bado ni yeye yule?

Waulize wazee na vijana sawasawa, na usikimbilie kutoa jibu lako. Kama maneno yametoka kwenye zaburi au Injili, mtu asome sehemu nzima, pamoja na mistari ambayo mtunzi hakuichukua. Zaburi nyingi zinaanza kwa kilio na kuishia kwa sifa, na kwaya isiyojua hilo huimba kilio kwa tabasamu. Walio Mtwara mjini wana bahati: Kanisa la Mtakatifu Paulo limejaa ukutani michoro mikubwa ya habari za Biblia ya Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini. Kwaya ikienda pale robo saa, ikasimama kimya mbele ya tukio linalotajwa kwenye wimbo wake, watu wataangalia nyuso na mikono iliyochorwa, na maswali hapo juu yatajijibu kwa sehemu kubwa.

Wimbo wa shule au wa kikundi unahitaji kazi ile ile. Wimbo wa kuhimiza usafi au wa kupokea Mwenge una msemaji na msikilizaji wake. Watoto wa darasa la tano wakijua wanamwambia nani, wanaacha wenyewe kuangalia chini.

Baada ya hapo tafuta mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: mtakaTIfu, tunakushuKUru, waTEja. Mtunzi mzuri huweka silabi hiyo kwenye pigo zito au kwenye nota ndefu. Lakini mashairi ya pili na ya tatu, yanayotumia tuni ya ubeti wa kwanza, mara nyingi hukaa vibaya, na silabi nyepesi ikajikuta kwenye pigo zito. Pigeni mstari chini ya kila silabi yenye mkazo katika beti zote. Pale ambapo nota na neno havipatani, fuateni neno: silabi nyepesi iliyoangukia pigo zito iimbwe kwa ulaini. Hii pekee hubadilisha kwaya kuliko mazoezi mengi ya sauti, na haihitaji mtu ajue nota hata moja.

Mapigo kabla ya tuni

Sasa semeni maneno katika mapigo ya wimbo, bila tuni, mkipiga makofi au kugonga goti. Kila sauti iseme kwa mapigo yake. Kama besi wanaingia baada ya wengine, waseme baada ya wengine. Rudieni taratibu, kisha kwa mwendo halisi.

Hapa kusini tunao walimu wa mapigo ambao hatuwatumii. Mtu aliyekulia kwenye sindimba, au kwenye ngoma yoyote ya Wamakonde, Wamwera, Wayao au Wamakua, ana mwili unaojua kushika pigo mbili kwa wakati mmoja, mguu ukienda kwa mbili na mkono kwa tatu. Nyimbo nyingi za Kitanzania ni za mapigo sita yanayogawanyika kwa mawili, na wanaoteseka nazo ni wale wanaohesabu kichwani. Mwombe mama anayecheza ngoma asimame mbele achezeshe mwili taratibu, wengine wamfuate wakisema maneno. Baadaye mwili utatulia wakati wa kuimba, lakini pigo litabaki ndani.

Kama wimbo umetoka Usukumani au Uhayani na una mwendo wa huko, msiulazimishe uwe wa Kimakonde. Sikilizeni kwanza unavyoimbwa na wenyewe.

Solfa, kwa wanaoisoma na wasioisoma

Solfa tunayotumia, yaani kuandika nota kwa herufi za doh, re, mi, ilianza Uingereza katika karne ya 19. Sarah Glover wa Norwich aliibuni na John Curwen akaikuza, hasa ili watu wasio na elimu ya muziki waweze kuimba kwa kusoma. Wamisionari wakaisambaza Afrika. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya huko Afrika Kusini, naye aliiandika kwa solfa. Wanakwaya wanaodhani solfa ni ya wanafunzi dhaifu waambiwe hilo.

Alama zenyewe ni chache. Nukta mbili zilizopangana hutenganisha pigo na pigo. Mstari wa wima huonyesha kwamba pigo linalofuata ni zito. Kistari ni kuendelea kushika nota. Nukta moja hukata pigo nusu kwa nusu, na mkato hulikata robo. Alama ndogo juu ya herufi ni okteva ya juu (nota ile ile, ngazi moja juu zaidi), chini yake ni okteva ya chini. Ukikuta fe, ni fa iliyopandishwa nusu toni. Ta ni ti iliyoshushwa nusu toni. Chukua dakika kumi za kila zoezi kwa ubao na fimbo: andika d r m f s l t d kutoka chini kwenda juu, gusa herufi, watu waimbe. Anza na d, m, s peke yake. Wakishika hizo, nyingine zinajipanga katikati. Kwa mwaka mmoja wa dakika kumi kumi, nusu ya kwaya itakuwa inasoma.

Wasiosoma wasiachwe. Wanajifunza kwa sikio, na sikio la mtu aliyekulia kwenye kasida, ngoma au nyimbo za jando lina nguvu sana. Mkalishe asiyesoma katikati ya wawili wanaosoma.

Kufundisha sauti bila kuwaweka wengine nje

Hapa ndipo penye kiini cha njia hii, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Anza na sehemu fupi, mistari miwili tu, kutoka zile ngumu ulizoziwekea alama. Wafundishe besi kwanza. Dakika tano, zisizidi kumi. Wakati besi wanafundishwa, wengine wote wanasoma karatasi zao kimya na kugonga mapigo. Besi wakishika, wafundishe sauti ya kwanza huku besi wakiendelea kuimba zao chini chini kwa kufunga mdomo. Tangu nota ya kwanza, sauti ya kwanza wanajifunza wakiwa juu ya besi, wakisikia wimbo umesimama wapi. Besi nao wanajifunza kutoyumba wenzao wakiingia.

Sauti hizo mbili za nje zikikaa, una umbo la wimbo. Walete alto, yaani sauti ya pili, kisha tena. Hao wa ndani mara nyingi wana nota zisizo na mvuto zikiwa peke yake, nota moja imerudiwa mara sita halafu hatua moja kushuka. Ukiwafundisha peke yao nje, wanachoka. Ukiwaingiza katikati ya sauti mbili zilizokwisha kusimama, wanasikia papo hapo kwa nini nota yao ipo, na wanaipenda.

Kisha fanya jambo ambalo walimu wengi wataona ni kupoteza muda: badilisheni sauti. Wote waimbe mstari wa besi, wanawake okteva ya juu. Wote waimbe mstari wa alto. Mara moja au mbili tu, kwa sehemu ile fupi. Hakuna atakayeukariri, na haidhuru. Mtu wa sauti ya kwanza aliyewahi kuimba mstari wa tena hatawafunika tena pale wanapokuwa na jambo la kusema.

Pale sauti mbili zinapogongana kwa karibu, kwa mfano alto wana fa na tena wana mi, waimbe wawili hao peke yao, washike, wasikie muwasho wa nota zile mbili mpaka wasiuogope. Mara nyingi muwasho huo umewekwa makusudi kwenye neno zito, na kwaya inayoukimbia inalipoteza neno lenyewe.

Ukimaliza sehemu tatu ngumu kwa namna hii, mengine ya wimbo yatakwenda haraka. Sehemu rahisi zipitie kwa kuimba tu, ukirekebisha njiani.

Vokali, m na n

Silabi za Kiswahili huishia kwa vokali. Neno kumbuka ni ku-mbu-ka. Lakini waimbaji hufunga mdomo mapema na kuimba kum-bu-ka, na nota ndefu ikageuka mvumo wa puani. Shikeni u mpaka mwisho kabisa wa nota, na mb ije pamoja na nota inayofuata. Ndivyo ilivyo kwa pendo, Kanda, ulimwengu na maneno mengi sana. Kwaya ikilishika hili, sauti hufunguka siku hiyo hiyo.

Kinyume chake, m na n zinazosimama peke yake ni silabi kamili na zina nota yake: m-tu, m-ka-te, n-chi. Ziimbwe zikiwa m na n halisi, midomo imefungwa kwa m, bila kuchomekewa u. Mutu na mukate havipendezi kwenye wimbo wa Kiswahili sanifu.

Kwetu wapo wengi ambao l na r huingiliana kwa sababu ya lugha za nyumbani. Msimcheke mtu. Chukueni maneno yenye herufi hizo kwenye wimbo, myaseme taratibu pamoja, kwaya nzima, ili asitengwe mmoja. Halafu vokali: a ya kila mtu iwe na mdomo ule ule. Simameni wawili wawili mkitazamana, imbeni mstari mmoja mkiangaliana midomo. Vokali zikifanana, hata kwaya ya watu kumi na wawili husikika kubwa.

Kushuka sauti na kupokezana pumzi

Imbeni ubeti mzima bila kinanda, kisha mpiga kinanda aguse doh. Mtajua papo hapo kama mmeshuka chini ya nota mliyoanzia. Kwaya karibu zote hushuka, na sababu zake zinajulikana: nota inayorudiwa huanza kulegea, mi na ti huimbwa chini kidogo, hatua za kushuka huwa ndefu kuliko inavyotakiwa na za kupanda huwa fupi. Joto la saa tisa mchana na uchovu huongeza. Kama mna uwezo wa kuchagua, wekeni zoezi saa kumi na moja jioni, upepo wa bahari ukiwa umeingia.

Dawa ni kusikiliza besi. Wasimamishe wote kwenye nota moja ya pamoja, besi washike doh, tena waongeze soh, kisha alto na sauti ya kwanza waingie. Subirini mpaka pasiwe na mtetemo wa kugombana. Kinanda kisaidie kutoa ufunguo, yaani doh ya kuanzia, na kukagua mwishoni, lakini muda mwingi wa zoezi kinyamaze. Na ile midundo ya kujipiga yenyewe ndani ya kinanda izimwe kabisa wakati wa kujifunza. Inawafanya watu wafuate mashine na kuacha kufuatana.

Pumzi: kwenye mstari mrefu msivute wote pamoja. Kila mmoja akubaliane na jirani yake wa kulia na kushoto, huyu anavuta baada ya neno hili, yule baada ya lile, na asivute mtu mwishoni mwa mstari ambapo kila mtu angetamani. Anayevuta atoke polepole na kurudi polepole. Andikeni kwa penseli.

Kuufasiri wimbo pamoja

Nota zikiwa zimekaa kwa sehemu kubwa, msisubiri ziwe kamili. Rudini kwenye majibu ya siku ya kwanza na muulizane yatasikikaje.

Anzeni na mwendo. Mwendo sahihi ni ule ambao mstari mrefu kuliko wote unaweza kuimbwa bila kukata neno, na neno lenye silabi nyingi kuliko yote linatamkika. Jaribuni mara tatu: taratibu, wastani, haraka. Nusu ya kwaya iimbe, nusu ikae kwenye mabenchi ya nyuma isikilize, kisha mbadilishane. Wanaosikiliza waulizwe jambo moja tu: maneno gani yamefika? Swali hilo halimuumizi mtu na jibu lake halina ubishi mwingi. Kanisa kubwa lenye kuta ngumu hurudisha sauti, kwa hiyo linataka mwendo mpole kuliko chumba cha mazoezi. Uwanja wa wazi, kama mmealikwa Nane Nane pale Ngongo, Lindi, unakula sauti, na nota ndefu huko hufa upesi.

Halafu tafuteni kilele. Kila wimbo una mahali pamoja ambapo kila kitu kinaelekea. Mara nyingi tuni hupanda hapo, au sauti zote nne hukutana kwenye neno moja baada ya kupishana. Mwombe kila mtu aweke kidole kwenye karatasi bila kuangalia ya jirani. Wakitofautiana, imbeni kwa namna zote mbili. Kilele kikishajulikana, hapo kabla yake hakuna ruhusa ya kuimba kwa nguvu zote. Hili ndilo gumu zaidi kwa kwaya zetu. Tumezoea kwamba kuimba vizuri ni kupaza, na vipaza sauti vimezidisha. Lakini sauti ndogo iliyosimama imara, maneno yakiwa wazi, huwafanya waumini wainue vichwa. Fanyeni zoezi la kuimba kiitikio kizima kwa sauti ya kumwambia mtoto aliyelala jirani, bila kushuka na bila kuchelewa. Misuli ya tumbo itawauma, na ni dalili nzuri.

Viitikio vinavyorudi mara nne visiimbwe sawa mara zote nne. Ubeti uliopita umebadilisha maana yake. Baada ya ubeti wa huzuni, kiitikio kianze chini. Baada ya ubeti wa ushindi, kiingie bila kusubiri. Kimya nacho kimeandikwa kwenye karatasi. Kwaya nyingi huziba kila kimya kwa vigelegele au kwa kinanda. Acheni pigo moja tupu kabla ya neno kuu, mwone.

Katika majadiliano haya yote mwalimu ndiye mwenye neno la mwisho, na ni lazima alitoe, vinginevyo zoezi linakuwa kikao. Lakini alitoe baada ya kusikia namna mbili au tatu zikiimbwa kweli. Mwanakwaya aliyependekeza jambo, likajaribiwa mbele ya wote na kukataliwa kwa haki, ataimba namna iliyochaguliwa kwa moyo wake. Aliyenyamazishwa ataimba kwa kinywa tu.

Simu

Rekodi kila sauti peke yake, mwimbaji mmoja mwenye sauti safi, akitanguliwa na doh na hesabu ya mapigo, na besi wakisikika kwa mbali nyuma. Faili liwe fupi, ubeti na kiitikio, ili lisile bando. Litume kwenye kundi la WhatsApp likiwa na jina la wimbo na la sauti. Aliye shambani Ruangwa au Nanyumbu atalisikiliza jioni. Kwaya za vigango mbalimbali zinazokutana kuimba pamoja kwenye sherehe ya jimbo zinahitaji hili kuliko wote, pamoja na makubaliano ya maandishi kuhusu ufunguo, mwendo na mahali pa pumzi. Vinginevyo siku ya kukutana itaisha kwa kubishana nani amefundishwa sawa.

Rekodi pia kwaya nzima, simu ikiwa hatua saba au nane mbele, katikati, juu ya kiti. Sikilizeni pamoja mara moja, kila sauti ikijisikiliza yenyewe, na mara ya pili kila sauti ikisikiliza nyingine.

Karatasi chini, na siku yenyewe

Wiki mbili kabla, imbeni bila karatasi hata kama mnakosea. Anayekwama asikilize mpaka apate pa kuingilia, na kwa njia hii mliyofundishana atapapata. Beti ndizo husahaulika. Kumbukeni neno la kwanza la kila ubeti na hali ya msemaji wake, mengine hufuata.

Zoezi moja la mwisho msimame mkiwa mmechanganyika, sauti nne tofauti bega kwa bega, asiwepo jirani wa sauti yako. Kwaya ikiweza kuimba hivyo, iko tayari. Wengine huamua kusimama hivyo hata siku yenyewe, na ninawaunga mkono, hasa tena wakiwa wachache.

Siku yenyewe fikeni mapema, imbeni mistari michache mahali halisi, na mmoja aende mlangoni asikilize. Kipaza sauti kimoja kikiwekwa mbele ya sauti ya kwanza kitaua kazi yote ya miezi miwili. Kama ni viwili, viwekwe mbali kidogo na kwaya, kimoja kila upande, na besi wasogee mbele. Maji ya kunywa yawepo. Ufunguo utolewe chini chini, kila sauti ivume nota yake ya kwanza kwa kufunga mdomo, mwalimu ainue mkono, na pumzi ya kwanza ivutwe na wote kwa mwendo wa wimbo wenyewe.

Zoezi linalofuata, kabla ya kufungua wimbo mwingine, mtunza nyaraka akusanye karatasi moja safi na kuandika juu yake: ufunguo mlioimbia, mwendo, pumzi, kilele, makosa ya uchapaji mliyorekebisha, na jina la mtunzi kwa ukamilifu. Iingie kwenye faili la kwaya, na picha yake itumwe kwenye kundi. Mwakani, Agosti, itawaokolea wiki kadhaa.